Nimeitwa kuwa kocha mkuu chuoni: niache ualimu wa skuli?

Assalaamu alaykum Maalim,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, nasomesha Biolojia, na baada ya saa za masomo nasimamia timu ya wasichana ya mpira wa wavu. Timu hii sikukabidhiwa na mtu, niliianzisha mwenyewe. Nilipokuwa chuo nilikuwa seta, yaani mwenye kuwapandishia wapigaji mipira, na nilipoajiriwa nikakuta wasichana wana netiboli tu, na wale warefu wasioipenda netiboli wanakaa chini ya mwembe wakisubiri wenzao wamalize. Uwanja wetu ni mchanga, mistari tunachora kwa jivu, na wavu alitufumia mvuvi mmoja kwa kuwa binti yake alikuwamo timuni.

Mwaka jana tulivuka kwenda Unguja kwenye mashindano ya skuli. Kombe hatukulipata, lakini tulicheza watu wakasimama kututazama. Baada ya hapo nikatafutwa na msimamizi wa michezo wa chuo kikuu kimoja cha Unguja. Wanataka kocha mkuu wa timu ya wanawake. Nilikwenda kuwaona, nikaendesha mazoezi jioni moja, na sasa nimeletewa barua.

Barua inasema mkataba ni wa mwaka mmoja. Cheo ni Kocha Mkuu. Malipo ni posho ya laki nne kwa mwezi, "kulingana na upatikanaji wa fedha". Timu ichukue ubingwa wa mashindano ya vyuo vikuu ndani ya mkataba, ikishindwa chuo "kitaangalia upya". Na kocha aliyekuwapo anabaki kuwa Mshauri wa Ufundi, "atakayeshirikiana na Kocha Mkuu katika uteuzi wa kikosi". Nyumba haikutajwa, wala nauli ya boti.

Mie nina ajira ya kudumu, nimeshathibitishwa kazini, michango yangu ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inakwenda kila mwezi. Nikiacha, najua nafasi yangu itachukuliwa kabla sijafika bandari ya Malindi, Unguja.

Kuna mengine mawili. Ile jioni ya mazoezi mpigaji wao mkubwa, msichana mrefu, mkono wake mzito khasa, aliniambia mbele ya wenzake: "Sisi tuna kocha wetu." Wengine wakacheka. Na huyo kocha wao alikuwapo, amekaa kwenye kiti pembeni, akatazama simu yake kama hakusikia.

La pili ni nyumbani. Tuna watoto wawili, mume wangu yuko bandarini Mkoani, na yeye anasema niamue ninavyoona. Mkwe wangu ndiye hataki hata kusikia. Anasema mke wa mtu atafuatanaje na timu mpaka Dodoma, alale huko, na kwamba kufundisha mpira si kazi ya mtu aliyesomeshwa.

Maalim, nafsi inataka. Umri wangu ni miaka 32 na naona nisipokwenda sasa siendi tena. Niende au nibaki?

Mwalimu, Wete

---

Waalaykumus salaam mwanangu,

Kazi ikubali, barua irudishe. Hilo ndilo jibu langu. Yaliyobaki ni kukueleza kwa nini nasema hivyo, na uirudishe vipi bila ya kuonekana una kiburi.

Nianze na fedha, maana wengi wenu mnaopenda michezo mnaona haya kuitaja. Posho "kulingana na upatikanaji wa fedha" maana yake ni kwamba wanafunzi wakiwa likizo hulipwi, bajeti ya ofisi ya wanafunzi ikikwama hulipwi, na ukiuliza utaambiwa soma barua yako. Posho pia haina mchango. ZSSF haiwahusu watumishi wa serikali peke yao, waajiriwa wa sekta binafsi nao wamo, kwa hiyo chuo kisiseme mambo hayo ni ya serikalini. Kama wanataka kocha mkuu wamwajiri kocha mkuu, kwa mkataba wenye mshahara na makato. Kama wanataka mtu wa kuja jioni kusaidia, hilo nalo ni jambo la heshima, lakini mtu wa jioni haachi ajira Pemba na kuhamia Unguja.

Hukuniambia kama chuo hicho ni cha serikali au cha binafsi, na hapo ndipo penye njia yako. Kikiwa cha serikali, usifikirie kuacha kazi kabla hujauliza kuhusu kuhamishwa au kuazimwa. Mtumishi wa umma akiazimwa hubaki mtumishi wa umma, na akimaliza ana pa kurudi. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya, kaa na ofisa utumishi, umuulize utaratibu ulivyo hivi sasa na barua inaanzia kwa nani. Mwalimu mkuu wako asikuambie tu kwamba haiwezekani, mwambie akuandikie. Kikiwa cha binafsi, uliza likizo bila malipo. Ikikosekana, basi chuo kikupe mkataba wa miaka mitatu, chini ya hapo usivuke.

Na wala usione unyonge wa kushika chaki na filimbi kwa pamoja. Marekani, ambako kocha wa chuo kikuu ni mtu wa kutambulika mitaani, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Al Scates. Timu ya wanaume ya mpira wa wavu ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, aliifundisha misimu 48 mpaka alipostaafu 2012, akachukua ubingwa wa vyuo mara 19. Miaka mingi ya hiyo, mchana alikuwa akisomesha mazoezi ya viungo kwa watoto wa skuli ya msingi kule Beverly Hills, jioni ndiyo anakwenda chuoni. Mkwe wako akisema kufundisha mpira si kazi ya msomi, mwambie kwa adabu kwamba wapo walioifanya pamoja na ualimu na hawakupungukiwa na kimojawapo.

Sasa hilo sharti la ubingwa ndani ya mwaka mmoja. Aliyeliandika hajapata kusimamia timu ya chuo. Timu ya chuo haikai. Skuli unaye msichana kuanzia kidato cha kwanza, unamlea miaka minne na zaidi. Chuoni anakuja na mwili wa mtu mzima na mazoea yake, wengine hawajagusa mpira tangu kidato cha nne, na kabla hujamnyoosha mkono wa kupokea sevisi keshafika mwaka wa mwisho. Seta wako ana sapu, mtihani wa marudio, siku ya nusu fainali. Libero, mchezaji wako wa ulinzi wa nyuma, yuko fildi, mafunzo ya vitendo, Micheweni. Mpigaji ameolewa wakati wa likizo, mnampa hongera, naye anarudisha jezi. Kocha wa Marekani yeye mwaka mzima anazunguka skuli kutafuta wachezaji, na mpaka juzi juzi tu timu moja ya wanawake ya daraja la kwanza, lile la juu kabisa la mashindano ya vyuo, iliweza kuwa na wachezaji 12 wanaosomeshwa bure kwa ajili ya mpira wa wavu peke yake. Wewe utapewa waliokuja kusoma Uhasibu, ukatafute ndani yao nani anaruka.

Na hata huko kwenye neema zote hizo, Russ Rose alianza kuifundisha timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Penn State mwaka 1979, na ubingwa wa taifa wa vyuo wa kwanza aliupata 1999. Hesabu mwenyewe. Chuo kilimngoja miaka 20! Alipoondoka mwishoni mwa msimu wa 2021 alikuwa amechukua saba na kushinda mechi 1,330. Angepewa barua kama yako, asingefika hata mwezi wa pili wa mwaka wa pili. Ukubali kupimwa, ndiyo, lakini upimwe kwa vitu vinavyoonekana: mazoezi mara tatu kwa wiki yanafanyika au hayafanyiki, timu ya pili ya mwaka wa kwanza ipo au haipo, wachezaji wanafaulu mitihani yao au mpira unawaangusha, na msimu wa pili mnafika mbali kuliko wa kwanza au hamfiki. Ubingwa uwe lengo la mkataba wa miaka mitatu.

Nije kwa Mshauri wa Ufundi, ambaye kwangu mimi ndiye tatizo kubwa kuliko fedha. Mafahari wawili hawakai zizi moja, na waliotunga barua hiyo wanalijua hilo. Wamemuonea haya mzee wao kumwambia basi, wakaona wakutume wewe ukamwambie kwa miguu yako.

Fungua kanuni za FIVB, shirikisho la dunia, uone kama yumo. Benchi la ufundi lina kocha mmoja na wasaidizi wasiozidi wawili, na upande wa tiba yumo mtaalamu wa viungo na daktari. Wanaokaa hapo ni walioandikwa kwenye karatasi ya mchezo. Kocha ndiye anayehakiki majina ya wachezaji na kutia saini, ndiye anayepeleka karatasi ya mpangilio wa wachezaji sita kabla ya kila seti, ndiye anayeomba mapumziko ya sekunde 30 na kubadilisha wachezaji. Msaidizi hukaa kwenye benchi na hana haki ya kuingilia mchezo. Mshauri wa Ufundi hatajwi popote. Kwa hiyo mbele ya mwamuzi, jina linaloulizwa ni lako na lawama ni zako, hali kikosi amekichagua mwengine. Hapo usikubali hata neno "kushirikiana". Iandikwe waziwazi: uteuzi wa kikosi ni wa Kocha Mkuu. Mzee akitaka kuwa msaidizi wako na akae benchini kwa masharti ya msaidizi, karibu. Akitaka kuwa meneja wa timu, ashughulike na nauli, malazi na ruhusa za mitihani, na hiyo ni kazi kubwa ambayo utamshukuru kwayo, pia karibu.

Lakini kabla ya hayo yote kuandikwa, nenda kwake. Nyumbani kwake, mchana, wewe na mumeo au kaka yako, mpige hodi, mnywe kahawa. Usiende kumwomba ruhusa. Nenda umuulize timu ilivyo: nani ana goti bovu, nani anajificha sevisi ikimjia, nani anagombana na nani. Mtu aliyeshika timu miaka mingi ana vitu kichwani ambavyo wewe utavihitaji wiki ya kwanza, na akishakusimulia ni vigumu kwake kukaa tena kwenye kiti cha pembeni akatazama simu. Mimi simlaumu sana kwa ile jioni. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba unakuja.

Yule msichana mrefu nawe usimtie moyoni. "Sisi tuna kocha wetu" kalisema mtu ambaye hajui keshokutwa atapangwa wapi. Wewe ulikuwa seta, na hiyo ni bahati ambayo makocha wengi hawana. Mazoezi ya kwanza usihutubie. Vua viatu vya kutembelea, vaa vya mazoezi, ingia nafasi ya seta umpe mipira yeye. Mpe wa juu anaoupenda, kisha umshushie kidogo, kisha umsogezee karibu na antena, ile fimbo ya ukingo wa wavu, umuulize upi ulimkaa mkononi. Mpigaji akipewa mpira mzuri haulizi uliyempa anatoka chuo gani wala kijiji gani. Kama baada ya wiki mbili bado anakucheka, muweke nje seti moja ya mechi ya kirafiki, bila maneno, bila hasira. Lakini sidhani kama mtafika huko.

Cheti chako hukukitaja. Kama ni kozi ya awali ya hapa nyumbani, kinakutosha kuanza, hakikutoshi kupanda. FIVB ina kozi za makocha za ngazi tatu, na chama cha mpira wa wavu ndicho mlango wa kuzifikia. Mwambie msimamizi wa michezo kwamba unataka ngazi ya kwanza ndani ya mkataba huu, chuo kigharamie. Wengine watakuona unajitafutia mambo yako. Waache. Kocha wa chuo asiye na cheti akiachwa na chuo anarudi nyumbani. Mwenye cheti anaitwa na klabu, na timu ya taifa ya vijana, na chuo cha jirani.

Haya, mkwe wako. Hilo la mwanamke kuongoza timu usidhani ni letu peke yetu. Mashindano ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ya mpira wa wavu ya wanawake huko Marekani yalianza 1981, na miaka yote hiyo, pamoja na wanawake wote waliocheza, katika daraja la kwanza hakuna kocha mkuu mwanamke aliyeshika kombe mpaka Disemba 2024. Aliyelishika ni Katie Schumacher-Cawley, wa Penn State hiyo hiyo. Alikuwa mchezaji katika kile kikosi cha Rose cha 1999, akaja kurithi kiti chake, na msimu aliochukua kombe alikuwa akitibiwa saratani ya matiti huku anasimama pembeni ya uwanja. Kocha waliyekutana naye fainali, wa Louisville, naye alikuwa mwanamke. Nakupa habari hizi wewe, si mkwe wako. Yeye hatashawishika na Marekani.

Kwake yeye tumia hoja ya hapa hapa. Muulize: wasichana kumi na mbili wa Konde, wa Chake, wa Makunduchi wanapovuka kwenda Bara kwenye mashindano, angependa waongozwe na nani? Alale nani chumba cha karibu? Mtoto akiumwa usiku, au akiingia siku zake katikati ya safari, amwambie nani? Wazee wengi wanawazuia mabinti zao timuni kwa sababu hii tu, kwamba msafara mzima hauna mwanamke mtu mzima. Wewe ukiwa kocha, wazuiwao watapungua, na huenda hapo ndipo utakapompata seta wako. Mavazi nayo yasiwe kisingizio. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki ya Rio 2016 amevaa hijabu, na suruali na mikono mirefu, dunia nzima ikitazama. Andika kwenye masharti yako kwamba kila safari chuo kitoe matroni pamoja nawe, na ratiba ya safari iwafikie wazazi mapema. Mkwe akiliona hilo kwenye karatasi yenye muhuri, maneno yatapungua. Hayataisha.

Mumeo umemtaja mara moja tu, kwamba kasema uamue. Hiyo mimi sijaihesabu kuwa ni jibu. Mtu wa bandarini anajua boti zinavyokwenda, anajua bahari inapochafuka safari zinaahirishwa. Kaeni mpange watoto watakuwa wapi, nani atavuka kumfuata nani na mara ngapi kwa mwezi, na nauli inatoka mfuko gani. Kisha hiyo nauli na pango la nyumba uviingize kwenye maombi yako kwa chuo, maana laki nne ukitoa chumba na boti inabaki ya vocha.

Barua ya majibu iwe ukurasa mmoja. Washukuru kwa kukuamini. Sema kazi unaitaka. Kisha uandike kwamba utaripoti wakikubali mambo manne: ajira au kuazimwa badala ya posho, muda wa miaka mitatu, uteuzi wa kikosi uwe wako peke yako, na safari ziwe na matroni na bajeti inayojulikana mwanzo wa muhula. Mengine, kama kozi na nyumba, yataje kwamba mtazungumza. Wakikukubalia matatu katika manne, na la kikosi likiwamo, vuka. Wakikukatalia la kikosi, usivuke hata wakikuongezea fedha.

Nakala ya barua ipeleke ofisi ya elimu ya wilaya, na nakala nyengine ubaki nayo. Na kabla hujaondoka, ile timu ya Wete mkabidhi mwalimu mwenye jina, mbele ya mwalimu mkuu, pamoja na mipira na ule wavu. Mmoja wa wasichana wa kidato cha nne, anayejua kupanga wenzake, mfanye msaidizi wake. Baada ya miaka michache hao ndio watakaokuja kuomba nafasi chuoni kwako, na utataka waje wakiwa bado wanacheza.